Barua ya wazi kwa wakubwa wa reli Uingereza: tiketi zangu ni tatu ila safari ni moja

Waheshimiwa wa Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza, waheshimiwa wa Office of Rail and Road, yaani mdhibiti wa reli, nyie mnaoijenga hiyo Great British Railways, shirika jipya la serikali la kuendesha reli, na nyie mnaokaa kwenye ofisi za fidia za makampuni ya treni, salamu kwenu nyote.

Nimeshawaandikia kwa Kiingereza mara nne. Mara tatu nimejibiwa na mashine, mara moja na mtu ambaye nadhani hakuisoma barua yangu mpaka mwisho. Leo naandika kwa Kiswahili kwa sababu hii ishu si yangu peke yangu, ni ya watu wengi tunaoongea lugha hii hapa Leicester, Coventry, Northampton, Milton Keynes, Reading mpaka Glasgow, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, na nataka wao waisome kwanza. Nyie mtatafuta mtu wa kuwatafsiria, maana hospitali zenu na mahakama zenu huwaga zinawaita wakalimani wa Kiswahili kila siku, hawakosekani.

Naongelea fidia ya treni ikichelewa, ile mnaita Delay Repay, pale abiria anaposafiri na tiketi za vipande.

Ngoja nieleze kwa wasiojua, afu ntarudi kwenu. Tiketi za vipande ni hivi: badala ya kununua tiketi moja kutoka mji A mpaka mji D, unanunua A mpaka B, B mpaka C, C mpaka D, unakaa kwenye treni ileile, mara nyingine hata siti ileile, ila unalipa kidogo kuliko yule jirani yako mwenye tiketi moja ndefu. Mtu akisikia mara ya kwanza anadhani ni ujanja wa mtaani. Hapana, ni halali kabisa, imeandikwa kwenye masharti yenu wenyewe, National Rail Conditions of Travel, kifungu cha 14, kwamba abiria anaruhusiwa kuunganisha tiketi mbili au zaidi kwenye safari moja ilimradi treni aliyopanda inasimama kwenye stesheni ambako tiketi moja inaishia na nyingine inaanzia. Isimame tu, wala huna haja ya kushuka.

Na kwa nini vipande viwe rahisi kuliko kizima? Hapo ndo watu wangu wa nyumbani nikiwaelezea wanacheka, wanasema sukari ya kupima robo robo siku zote inakuwa ghali kuliko kilo, inakuwaje treni iende kinyume. Ni kwa sababu bei za treni hapa zimepangwa stesheni kwa stesheni, kila jozi ya stesheni ina kampuni yake inayopanga nauli, na toka reli ibinafsishwe kwa ile sheria ya 1993 nauli zimekuwa zinaongezwa juu ya nauli, mpaka mwaka 2018 makampuni yenyewe yalisema kuna aina kama milioni 55 za nauli. Milioni 55! Afu kuna mambo ya saa za msongamano, unaweza ukatoka kwenu asubuhi ambapo nauli iko juu, ila mpaka treni inafika kile kituo cha katikati saa za bei kali zimeshapita, sasa ukinunua tiketi moja unalipa bei kali njia nzima, ukikata vipande unalipa bei kali kile kipande cha mwanzo tu. Hakuna aliyeiba hapo. Bei mmepanga nyie, sisi tunasoma tu mlichopanga.

Sasa nani anakata vipande? Mtu ambaye kampuni inamlipia nauli hana muda huo. Anayekata vipande ni mwanafunzi, ni mstaafu, ni mimi nafanya kazi ya kea, kuhudumia watu wasiojiweza, shifti za usiku, ni yule dada anayesafisha ofisi zenu, watu tunaokaa na simu saa nzima tunajaribu stesheni hii na stesheni ile ili tuokoe pauni 20 maana pauni 20 ni chakula cha siku kadhaa nyumbani. Nataka mlishike hili kabla sijaendelea: mfumo wenu wa fidia unavyofanya kazi sa hivi, anayeumia zaidi ni yule aliyehangaika zaidi kutafuta nauli anayoiweza.

Nawapa yaliyonikuta.

Baba yangu mdogo alifariki alfajiri huko mji mmoja wa kaskazini, na mnajua Waislamu tukifiwa hatukai na maiti siku nne, maziko yalipangwa kesho yake, sala ya jeneza baada ya Adhuhuri, msikitini wanasali saa sita na nusu. Mimi niko huku Midlands, katikati ya nchi. Nikaangalia nauli usiku ule ule, tiketi moja pauni 71.50 kwenda tu. Nikakaa kitandani na apu nikakata vipande vitatu: cha kwanza pauni 11.40, cha pili 18.60, cha tatu 14.20. Jumla pauni 44.20. Treni mbili, yaani vipande viwili vya mwanzo treni moja ya kampuni moja, nashuka, nabadilisha, kipande cha tatu treni ya kampuni nyingine. Kwenye kubadilisha nilikuwa na dakika 15, zaidi ya zile dakika za chini ambazo kila stesheni imepangiwa rasmi. Sikujibana, sikukimbiza bahati. Nilikuwa nifike saa tano na dakika 40 asubuhi, muda tele wa kwenda kumuona mzee wetu na kumuosha pamoja na ndugu zangu.

Ile treni ya kwanza ikatoka vizuri, ikaanza kusimama simama porini, mara taa ya njiani ina matatizo, mara tunasubiri jukwaa. Kufika mwisho wa kipande cha kwanza tumechelewa dakika 9. Kufika mwisho wa kipande cha pili, pale pa kubadilisha, dakika 22. Treni yangu ya pili ilikuwa imeshaondoka dakika 7 zilizopita, nilikimbia ngazini na kanzu mkononi kwenye mfuko wa nguo nikakuta jukwaa jeupe. Inayofuata baada ya saa nzima. Na hiyo nayo ikaja ikachelewa dakika 8 njiani. Nikafika saa sita na dakika 48. Dakika 68 nyuma ya muda.

Nilipofika msikitini kwa teksi jeneza lilishatoka. Makaburini nikakuta wanamalizia kufukia. Kaka yangu akanipa nafasi nikachota udongo kwa mikono, michota mitatu, basi. Hiyo ndo sehemu yangu kwenye maziko ya mtu aliyenilipia ada ya shule.

Silaumu taa ya njiani. Vitu vinaharibika, hata huko kwetu basi linaharibika pale Chalinze au Mkata mnashushwa, ila konda akiwa muungwana anasimamisha gari nyingine anawafaulisha na hakuna anayekuuliza kwanza tiketi yako ina karatasi ngapi. Na lazima niseme na hili, kwenye ile treni niliyoipata baada ya saa nzima mkaguzi alikuja, nikamtolea simu, tiketi yangu ilikuwa ya treni maalum, ile iliyonikimbia. Nilijua ananipiga faini. Akaniuliza umetoka wapi, nikamuonyesha vyote vitatu, akavipitisha kimoja kimoja kwa kidole akasema hii ni safari moja, treni ya kwanza ndo imekuangusha, kaa upumzike. Mtu wa sare, sekunde 30, ameelewa. Nawaombeni mkumbuke huyo mkaguzi kila nitakapowatajia sistimu yenu huko chini.

Sasa fidia. Sheria ya Delay Repay ni nzuri na sitaki mtu aseme naichafua. Ukichelewa dakika 15 mpaka 29 unarudishiwa robo ya nauli ya kwenda, dakika 30 mpaka 59 nusu, dakika 60 mpaka 119 nauli yote ya upande huo, na ukifika saa mbili na kuendelea hata ya kurudi wanakupa kama ulinunua tiketi ya kwenda na kurudi. Yapo makampuni yanaanzia dakika 30 sio 15. Unatakiwa uombe ndani ya siku 28. Na haijalishi kosa la nani, iwe taa, iwe mvua, iwe ng'ombe kaingia relini. Jirani zenu wa Umoja wa Ulaya wana kanuni ya kwao, ile ya 2021 iliyoanza kutumika mwezi wa sita 2023, huko chini ya saa moja hupati kitu, saa moja mpaka mbili ni robo, zaidi ya hapo nusu, na ukiwa na tiketi tofauti tofauti wakikuambia mapema kwamba kila moja ni mkataba wake basi haki ya kuunganisha inakufa. Ndugu zangu walioko Ujerumani wanatamani kanuni ya kwenu. Kwenye karatasi mmewashinda.

Na kwenye karatasi hiyohiyo kuchelewa kunahesabiwa pale safari yako inapoishia. Safari, sio tiketi. Na kampuni ambayo treni yake ndo ilianza kukuchelewesha ndo inalipa safari nzima, hata kama kipande cha mwisho ulipanda treni ya mwingine. Kwa hiyo hesabu yangu mtoto wa darasa la nne anaipiga: dakika 68, nauli yote, pauni 44.20, anayelipa ni kampuni ya kwanza.

Nikafungua fomu yao onlaini. Fomu inasema weka tiketi yako. Tiketi. Sehemu ya kupakia picha moja, sehemu ya kuandika bei moja, umetoka wapi umefika wapi. Hamna pa kubonyeza niongeze ya pili. Nikaweka kipande cha kwanza na kwenye maelezo nikaandika jamani nina vingine viwili hii ni safari moja nikavitaja. Baada ya siku tatu jibu: treni yako ilichelewa dakika 9, haufikii kiwango, asante kwa kusafiri nasi. Nikafungua madai mengine nikaweka kipande cha pili. Jibu: dakika 22, robo ya pauni 18.60, pauni 4.65 zinaingia benki. Nikaweka cha tatu. Jibu: hii treni sio yetu, waone kampuni nyingine. Nikaenda kwa hiyo nyingine. Jibu: treni yetu uliyopanda ilichelewa dakika 8, haufikii kiwango.

Oneni hapo. Dakika 9 sifuri, dakika 22 robo, dakika 8 sifuri. Mmechukua dakika zangu 68 mmezikatakata kama nyama ya mshikaki mpaka kila kipande kikawa kidogo cha kutosha kutolipwa. Pauni 4.65 badala ya 44.20. Na kama ingekuwa kampuni inayoanzia dakika 30 nisingepata hata hiyo. Yule jirani yangu kwenye treni mwenye tiketi moja ya pauni 71.50, tumekaa wote, tumekosa treni wote, tumesubiri kwenye benchi moja lile la chuma, yeye fomu yake ingempa zote 71.50 bila swali.

Nikapiga simu. Binti wa kastama kea mpole tu, akaniambia samahani kaka, hizo ni tiketi tofauti kwa hiyo ni safari tofauti. Nikamuuliza hayo yameandikwa wapi. Akasema ndo sistimu inavyoonyesha. Nikamwambia kifungu cha 14 kinasema naruhusiwa kuunganisha tiketi kwenye safari moja, akaniweka kwenye muziki dakika 11, akarudi akasema atapeleka kwa mkubwa wake. Simlaumu huyo binti. Kafundishwa hivyo na kioo chake kinamuonyesha hivyo.

Nikakata rufaa, nikaandika kila kitu kwa mpangilio, muda wa kupanda, muda wa kufika, tiketi zote tatu kwenye ukurasa mmoja, kifungu cha 14, na kwamba wasiponisikia naenda Rail Ombudsman, lile shirika la kusuluhisha lililoanza mwezi wa 11 mwaka 2018, ambalo abiria halipii kitu. Kanuni za mdhibiti wenu zinataka madai yamalizwe ndani ya siku 20 za kazi. Siku 20 zikapita. Wiki ya kumi na moja nikakuta imeingia pauni 39.55 benki, na barua pepe ya mistari miwili, eti kama nia njema.

Nia njema? Ile ilikuwa haki yangu. Na hiyo pesa kuingia ndo inanikasirisha zaidi maana inaonyesha kwamba toka mwanzo mlijua, yupo mtu humo ndani anajua sheria inasemaje, ila yuko nyuma ya milango minne na kila mlango una mashine ya kukurudisha nyumbani.

Sasa fikirieni asiyebishana. Kazini kwetu kuna dada wa Kikongo, Kiswahili chake cha Goma na changu cha Tanga tunaelewana vizuri sana, kila mwezi anaenda kumuona mtoto wake anayesoma chuo, vipande viwili, na amekosa kuunganisha treni mara mbili mwaka huu. Nilimuuliza umeklemu? Akanambia mara ya kwanza walimkatalia, mara ya pili hakujisumbua, afu akashusha sauti akaniuliza, kwani hii haiwezi kuniharibia viza? Anadhani ni msaada wa serikali. Kwenye viza zetu wengi tumeandikiwa hatuna ruhusa ya kuchukua misaada ya serikali, na watu wanaogopa kila kitu chenye neno kulipwa. Nasema hapa kwa herufi kubwa kwa ndugu zangu wote mnaosoma, FIDIA YA TRENI SI MSAADA WA SERIKALI, ni sehemu ya hela yako uliyolipa inarudi kwa sababu hukupata ulichonunua, haina uhusiano wowote na viza yako. Klemuni. Ila nyie waheshimiwa, mtu mwenye hofu hiyo akishajibiwa mara moja "haufikii kiwango" hatorudi tena, na nyie mnamuandika kwenye vitabu kama dai lililokataliwa kihalali.

Najua mtanijibu nini. Mtasema kuna matapeli, watu wanaokota tiketi, wanadai safari ambazo hawakusafiri. Wapo, na washughulikieni. Ila vipande vyangu vilikuwa kwenye simu, vimeskaniwa getini na vimeskaniwa na mkaguzi, kila skani ina saa yake. Ushahidi mnao nyie kuliko mimi.

Mtasema ni ngumu kujua kama kweli abiria alikuwa na safari moja. Hapa ndo nataka tukae kidogo. Nimekaa nikasoma reli yenu inavyohesabu ucheleweshaji kati yenu wenyewe. Kila treni inafuatiliwa na ile sistimu inaitwa TRUST, inajua treni gani imepita wapi dakika gani. Ucheleweshaji wa dakika 3 tu na kuendelea unatafutiwa mwenyewe, wapo watu wameajiriwa kazi yao ni kubishana huu mzigo ni wa Network Rail, wenye njia za reli, au wa kampuni fulani ya treni, na wakishakubaliana hela zinahama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kwa ule utaratibu mnauita Schedule 8. Mnajua mpaka treni iliyochelewa asubuhi imesababisha ipi nyingine ichelewe mchana, mnafuata mnyororo wote mpaka mwisho. Yaani kwenye hela za nyie kwa nyie mnaunganisha vizuri sana. Ikija hela ya abiria, mnyororo wa treni mbili tu unawashinda?

Haiwezekani iwe haiwezekani. Apu za kuuza tiketi za vipande zinajua ni safari moja, ndo maana zinakuuzia vyote kwa pamoja, zinakupa ratiba moja, namba moja ya oda. Yule mkaguzi alijua kwa kuangalia kwa macho. Fomu yenu ndo pekee haijui.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo na nitakisema kama nilivyozoea kusema. Kwenye fomu ya kila kampuni wekeni swali moja juu kabisa kabla ya tiketi: safari yako ilianzia wapi, ilitakiwa ifike mwisho wapi saa ngapi, ulifika saa ngapi. Afu ndo muulize ulitumia tiketi ngapi, na kuwe na kitufe cha kuongeza nyingine mpaka ziishe. Bei zijumlishwe. Basi. Na mashine isiruhusiwe kukataa dai lolote lenye tiketi zaidi ya moja mpaka mtu amelisoma, kwa sababu mashine imeshaonyesha haijui. Na wale mabinti na vijana wa simu wafundishwe kifungu cha 14, ni kifupi, hakimalizi hata kikombe cha chai. Wapeni ruhusa ya kulipa wenyewe bila kumtafuta mkubwa.

Kingine. Kampuni ikipokea dai ambalo si lake, lisirudishwe kwa abiria akahangaike kutafuta nani mwenyewe, lipelekeni wenyewe kule linakotakiwa. Mimi nilikuwa naenda na kurudi kati ya ofisi mbili kama mtu anayetafuta cheti cha kuzaliwa, na zile siku 28 zinahesabiwa, mtu akichelewa kupata jibu la kwanza anaweza akajikuta dirisha la pili limefungwa.

Na kuhusu fidia ya moja kwa moja, ile ambayo baadhi ya makampuni yanakutumia bila kuomba, naomba mjue kwamba inamfikia zaidi aliyenunua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, tiketi ya aina fulani, au mwenye kadi yao. Mtu wa vipande aliyenunua kwenye apu nyingine hayumo. Tena yule yule. Naomba mpango wowote mtakaouleta usianze tena kwa kumuacha huyu nje afu mseme tutamuingiza baadaye.

Nasema haya sa hivi na sio mwakani kwa sababu mnajenga upya. Sheria ya kurudisha treni za abiria serikalini imepita mwezi wa 11 mwaka 2024. Kampuni ya South Western Railway imerudi mwezi wa tano 2025, c2c mwezi wa saba, Greater Anglia mwezi wa kumi, na wengine foleni inaendelea. Mmesema Great British Railways itakuwa na tovuti moja na apu moja ya tiketi. Sasa kama mmiliki atakuwa mmoja, ile hoja ya "hii treni sio yetu" inabaki na maana gani? Ya nani sasa? Nimefurahi pia mlivyotangaza nauli zinazodhibitiwa England hazitopanda mpaka mwezi wa tatu 2027, ni jambo kubwa kwetu, nashukuru kwa dhati. Ila nauli kutopanda hakumsaidii mtu ambaye akicheleweshwa anarudishiwa moja ya kumi ya haki yake. Na hizo fomu za zamani zikihamishwa tu kama zilivyo zikapakwa rangi mpya za bendera, makosa yatahama nazo.

Kuna wanaosema dawa ni kurekebisha nauli mpaka vipande visiwe na maana tena. Sawa, rekebisheni, mimi siku mkiniuzia tiketi moja kwa pauni 44.20 nitaacha kukata vipande siku hiyohiyo, sipendi kuhesabu stesheni saa saba usiku nikiwa na msiba. Ila nauli milioni 55 hazinyooshwi kwa mwaka mmoja wala miwili, na treni ya kesho asubuhi itachelewa kesho asubuhi. Kitufe cha kuongeza tiketi kwenye fomu hakihitaji sheria ya bunge.

Ndugu zangu mnaosafiri, wakati tunasubiri wakubwa wajibu: piga skrini shoti ya ratiba yako yote siku unayonunua, yenye muda wa kufika mwisho. Hakikisha treni inasimama pale tiketi zinapokutana, na muda wa kubadilisha usiwe chini ya ule rasmi, Birmingham New Street kwa mfano ni dakika 12. Ukichelewa piga picha ubao wa stesheni. Ukiklemu, kama fomu ina nafasi moja, unganisha tiketi zote kwenye picha moja, andika bei ya jumla, andika stesheni ya mwanzo kabisa na ya mwisho kabisa, peleka kwa kampuni iliyoanza kukuchelewesha, na usifungue madai manne kama nilivyofanya mimi maana hapo ndo unawapa kisu mwenyewe. Wakikataa, kata rufaa. Wakikataa tena, Ombudsman.

Waheshimiwa, namba zangu zote za madai mnazo, nne, zimo kwenye sistimu zenu. Zifungueni zote nne siku moja kwenye meza moja, muone jinsi dai la mtu mmoja, siku moja, safari moja, lilivyoandikwa kama watu wanne wasiojuana. Afu mnijibu, kwa Kiingereza tu inatosha, nitawatafsiria wenzangu mwenyewe. Ninachotaka kwenye hilo jibu ni tarehe ya fomu mpya kuanza, na kama mtarudi nyuma kuyaangalia yale madai ya vipande mliyoyakataa, likiwemo la yule dada.

Wenu,
Abiria wa vipande vitatu, Midlands